Gari la safari likifia Nangurukuru, mwenye mali hulipwa nini?

Nangurukuru ni njia panda. Dereva aliyetoka Dar es Salaam na kuvuka Daraja la Mkapa huwa amekwisha kula karibu kilomita 300 anapofika hapo, na ndipo huchagua: kukata kushoto kwenda Kilwa Masoko, mwendo wa kilomita kama 30, au kunyoosha kwenda Lindi na Mtwara. Mabasi, malori, bodaboda na magari ya wageni wanaokwenda kutazama magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hukutana hapo mchana na usiku. Gari la safari likipinduka maeneo hayo, jambo moja hujitokeza mara moja: kampuni ya bima iko Dar es Salaam, mkadiria hasara yuko Dar es Salaam, gereji yenye uwezo wa kunyoosha chesisi iko Dar es Salaam, na kilichoko Nangurukuru ni gari lililolala ubavu.

Kwa wenye biashara ya kukodisha magari ya kupiga kambi, yaani yale yenye hema juu ya paa au kitanda ndani, jiko la gesi, tangi la maji na jokofu la betri, ajali ya namna hiyo si habari ya fundi tena bali ni habari ya mtaji. Gari moja laweza kuwa nusu ya kampuni, na mara nyingi limenunuliwa kwa mkopo. Likitangazwa kuwa halifai kutengenezwa, tofauti kati ya kuendelea na biashara na kufunga ofisi hutokana na karatasi zilizojazwa miezi kadhaa kabla ya ajali, na mambo machache yaliyofanywa, au yasiyofanywa, siku mbili za kwanza.

Barabara ya Kusini ilikuwa na sifa mbaya kwa miaka mingi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalisubiri kivuko Rufiji, na hata baada ya daraja palibaki kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichowatesa wasafiri kwa matope. Lami ilipokamilika, mwendo uliongezeka, na mwendo ukiongezeka uharibifu wa gari linalopata ajali nao huongezeka. Gari lililokuwa likikwama zamani, siku hizi hupinduka.

Soko lenyewe la bima nalo limebadilika. Kuanzia mwaka 1967, biashara yote ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoundwa mwaka 1963. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa kampuni binafsi, na Sheria Namba 10 ya mwaka 2009 ikaleta Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Leo mwenye gari anaweza kuchagua kati ya kampuni nyingi, na uchaguzi huo umemletea tatizo ambalo baba yake hakuwa nalo: hati za bima hazifanani. Mwenye gari huuliza bei tu, akipata iliyo nafuu hulipa, akapewa stika, na hati yenyewe hukaa kwenye droo haijasomwa.

BIMA NDOGO HAIJUI GARI LAKO

Jambo la kwanza la kumaliza ni hili la bima ndogo na bima kubwa, maana bado linawachanganya watu wazima na akili zao. Bima ndogo, ambayo Sheria ya Bima ya Magari inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ni kwa ajili ya watu wengine: aliyegongwa, aliyejeruhiwa, aliyefariki. Mali ya watu wengine hulipwa kwa kadiri hati inavyosema. Gari la mwenye bima mwenyewe halimo kabisa. Mwenye bima ndogo ambaye gari lake limebomoka Nangurukuru kwa kosa la dereva wake hana dai lolote juu ya gari hilo, hata stika ikiwa halali na ada imelipwa yote.

Kama kosa ni la mwingine, tuseme lori limehama upande wake, basi mwenye bima ndogo atafuata bima ya lori hilo, na hapo ndipo huanza safari ndefu ya kuthibitisha kosa. Mwenye bima kubwa yeye hudai kwa kampuni yake, akalipwa, kisha kampuni ndiyo humfuata mwenye lori kwa jina la mteja wake.

Kwa sababu hiyo, ile desturi ya barabarani ya kusema "yaishe" ni sumu kwa mwenye bima kubwa. Madereva wawili wakiandikishana mbele ya mashahidi kwamba kila mtu atabeba lake, au mmoja akapokea laki kadhaa na kusaini kuwa hana madai tena, haki ya kumfuata mkosaji imeuzwa. Kampuni ya bima ikikuta karatasi hiyo ina sababu ya kukataa kulipa, na ina haki ya kukasirika. Kukiri kosa papo hapo ili kutuliza watu nako kuna matokeo hayo hayo. Dereva atoe msaada kwa majeruhi, aite polisi, aseme ukweli wa kilichotokea, na habari ya nani alipe nani awaachie wanaohusika.

SIKU MBILI ZA KWANZA

Polisi lazima wafike na gari likaguliwe. Bila fomu ya ukaguzi wa gari, PF 90, pamoja na taarifa ya polisi na ramani ya ajali, hakuna kampuni itakayofungua jalada. Ukaguzi hueleza hali ya breki, usukani, matairi na taa kabla ya ajali, na ndipo kampuni hutazama kwanza. Tairi lililokwisha kipara laweza kuwa ndilo linaloua dai lote. Mwenye gari apate nakala, asome, na kama kuna kosa la namba ya chesisi au ya injini liombewe marekebisho hapo hapo Kilwa, kwa sababu kosa la tarakimu moja likigunduliwa Dar es Salaam maana yake ni nauli nyingine ya kurudi Kusini.

Kampuni iarifiwe siku hiyo hiyo. Simu yatosha kwa kuanza, lakini hati karibu zote hutaka maandishi, na ujumbe wa simu wenye tarehe, mahali na namba ya hati ni maandishi bora kuliko maongezi yasiyo na shahidi. Picha zipigwe kabla gari halijainuliwa: pande zote nne, ndani, dashibodi yenye kilomita, alama za breki barabarani, na gari lingine kama lipo.

Kisha kuna ulinzi. Mabaki ya gari ni mali, na hati humtaka mteja ayalinde kama vile hana bima. Gari la safari likilala usiku mmoja kando ya barabara bila mlinzi, betri mbili, redio, matairi na jokofu havilali hapo. Kitakachoibwa baada ya ajali kampuni itasema ni uzembe wa mteja, na itakipunguza kwenye thamani ya mabaki. Kumlipa kijana wa kulinda, kwa karatasi yenye saini, ni gharama ndogo ambayo baadhi ya kampuni hurudisha. Gharama ya brekidauni nayo huwa imo kwenye hati, lakini kwa kiwango chenye kikomo, na kikomo hicho mara nyingi kimepangwa na mtu aliyefikiria Kariakoo hadi Ubungo. Kuvuta gari kutoka Nangurukuru mpaka Dar es Salaam ni hesabu nyingine. Mwenye magari yanayokwenda Kusini aombe kikomo hicho kipandishwe siku ya kukata bima. Nyongeza ya ada huwa si kubwa ukilinganisha na bili ya brekidauni.

Jambo la kutofanya ni kulifungua gari kwa fundi kabla mkadiria hasara hajalitazama au kampuni haijaruhusu kwa maandishi. Fundi akishatoa injini, hakuna tena anayeweza kusema ni nini kilivunjwa na ajali na ni nini kilivunjwa na spana.

HASARA KAMILI NI HESABU

Watu hudhani gari hutangazwa kuwa limekufa kwa sababu limebondeka vibaya. Sivyo. Ni hesabu. Mkadiria hasara huchukua profoma za gereji, spea na ufundi pamoja, akalinganisha na thamani ya gari kabla ya ajali na kile ambacho mabaki yanaweza kuuzwa. Gharama ya kutengeneza ikikaribia thamani hiyo kupita kiwango ambacho kampuni imejiwekea, kampuni hukataa kutengeneza na kulipa hasara kamili. Gari lililopondwa upande mmoja tu, ambalo injini yake bado inawaka, laweza kutangazwa hivyo kwa sababu chesisi imepinda na bodi ya kubadilisha haipatikani nchini.

Chukua mfano wa gari la kupiga kambi lililokatiwa bima kwa Sh. milioni 60. Mkadiria anasema siku moja kabla ya ajali lingeuzwa sokoni kwa Sh. milioni 52. Profoma ya matengenezo ni Sh. milioni 41. Mabaki yanakadiriwa Sh. milioni 12. Matengenezo ni karibu asilimia 79 ya thamani, na kampuni itaona ni afadhali ilipe gari zima na kuuza mabaki.

Sasa, mwenye gari aliyelipa ada ya milioni 60 mwaka mzima hutarajia milioni 60. Hapati. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ni dari tu. Bima humrudisha mteja pale alipokuwa dakika moja kabla ya ajali, na pale palikuwa milioni 52. Isipokuwa hati iwe inasema waziwazi kwamba thamani imekubaliwa na pande zote mbili, jambo ambalo linawezekana kuombwa na linafaa sana kwa gari lililotengenezwa kwa namna yake peke yake, kinacholipwa ni bei ya soko.

Kutoka milioni 52 huondolewa kile ambacho mawakala hukiita eksesi, sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 5, hiyo ni Sh. milioni 2.6, na kinachobaki ni milioni 49.4. Mwenye gari akitaka kubaki na mabaki, milioni 12 nazo hukatwa, anaondoka na milioni 37.4 na vyuma vyake. Na kama gari lilikuwa na mkopo wa benki ambao bado unadaiwa Sh. milioni 30, benki ambayo jina lake limo kwenye hati hulipwa kwanza. Katika ile milioni 49.4, mteja anapokea 19.4. Awamu za ada zilizokuwa hazijalipwa, kama zipo, nazo hukatwa. Ada iliyokwisha kulipwa kwa miezi iliyobaki haimrudii, kwa sababu hati imekwisha kazi yake.

Upande wa pili wa hesabu ni wa yule aliyepunguza thamani ili alipe ada ndogo. Gari lile lile la milioni 52 akalikatia milioni 39. Likifa kabisa, dari ni 39 na hakuna mjadala. Lakini hata likiharibika nusu hupata pigo, kwa sababu hati nyingi zina kifungu kinachosema aliyekata bima ya robo tatu ya thamani analipwa robo tatu ya hasara. Matengenezo ya Sh. milioni 16 hulipwa milioni 12, na eksesi bado haijatolewa. Kwa ada ya asilimia 3.5, kilichookolewa kwa kupunguza thamani kutoka 52 hadi 39 ni Sh. 455,000 kwa mwaka.

Kosa hili la kupunguza si la ujanja kila mara. Wengi huandika bei waliyolipa Japani, wakasahau kwamba gari halikufika Nangurukuru kwa bei ya Japani. Kuna meli, bandari, ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na injini, VAT ya asilimia 18 na nyongeza kwa gari kuukuu. Kisha fundi wa Dar es Salaam akaweka kitanda, makabati, betri ya pili, hema na tangi. Thamani ya kukatia bima ni gharama ya kupata gari kama hilo leo, likiwa limesimama mlangoni tayari kwa mgeni.

VITU VYA NDANI

Hapa ndipo magari ya kupiga kambi yanapotofautiana na magari mengine, na ndipo madai mengi huvunjikia. Hati ya kawaida ya gari hulinda gari na vifaa vilivyotoka nalo kiwandani. Kilichofungwa baadaye hakimo mpaka kitajwe na thamani yake iongezwe. Kilichowekwa tu bila kufungwa, kama magodoro, vyombo, viti vya kukunja, mahema ya chini, kamera za wageni na mabegi yao, hakimo kabisa, na huhitaji bima ya mali inayosafiri au bima ya safari ya mgeni mwenyewe. Mwenye kampuni aliyemwahidi mgeni kwamba "gari lina bima" na mgeni akapoteza kamera atajikuta anaelezea tofauti hiyo kwa mtu aliyekasirika.

Jiko la gesi ni suala la peke yake. Mtungi ndani ya gari hubadilisha hatari, na bima ni mkataba wa uaminifu mkubwa: mteja hutakiwa kusema kila jambo ambalo lingemfanya mwenye bima apandishe ada au akatae. Gari lililoandikishwa kama basi dogo la kawaida, kisha likawekwa jiko na kitanda bila taarifa, likiungua, kampuni ina hoja. Barua moja yenye picha, iliyopokelewa na kugongwa muhuri, huondoa hoja hiyo.

Matumizi nayo ni hivyo hivyo. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, lenye ada nafuu, likikutwa limebeba wageni waliolipa au limekodishwa kwa mgeni ajiendeshe, halina bima siku hiyo. Polisi huandika maelezo ya abiria, na abiria husema ukweli kwamba walikodi. Hakuna eneo ambalo pesa nyingi hupotea kwa sababu ndogo kama hili. Kama wageni wanajiendesha, hati iseme hivyo, na kila aendeshaye awe na leseni inayokubalika nchini, nakala yake ikiwa ofisini kabla ya ufunguo kutoka.

Mafuriko nayo yasomwe. Mvua na kimbunga Hidaya, Mei 2024, vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Kilwa, na magari yakabaki pande zote mbili. Baadhi ya hati kubwa zina maafa ya asili ndani yake, baadhi huyauza kwa nyongeza. Hata pale yanapolindwa, kusombwa ukiwa umeegesha si sawa na kuingiza gari kwenye maji wakati askari amefunga njia.

MABAKI YANA SOKO

Kubaki na mabaki au kuyaacha ni uamuzi wa biashara, na wengi huuamua kwa huruma. Gari limewalisha, hawataki kuliona likikatwakatwa. Kwa aina zenye soko, kama Land Cruiser, injini, gia boksi na difu huuzika haraka kwa wafanyabiashara wa spea za Gerezani na Shaurimoyo, na mwenye kujua bei zake anaweza kupata zaidi ya ile milioni 12 ya mkadiria. Kwa aina adimu, bodi iliyopondwa ni chuma chakavu, na kampuni ikichukua imemwondolea mteja mzigo. Kinachofaa ni kuleta wanunuzi wawili au watatu watoe bei kwa maandishi kabla ya kukubali makadirio. Makadirio ya mabaki yakiwa juu mno yanamuumiza anayebaki nayo. Mteja ana haki ya kusema, kama ni milioni 12 kweli, kampuni iyachukue.

Ikiwa kampuni imeyachukua, kadi ya gari ikabidhiwe kwa hati ya mauziano na TRA ifahamishwe. Faini za barabarani hufuata namba ya gari, na namba iliyohamia kwenye bodi nyingine huendelea kumtaja mwenye jina la zamani.

Kuna jambo la ushuru ambalo huwashtua waendesha utalii. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 hutoa msamaha kwa magari yaliyoundwa mahsusi kwa utalii, yenye nafasi ya vifaa vya kambi na huduma ya kwanza, yanapoingizwa na kampuni zenye leseni. Msamaha ni wa kazi hiyo. Mabaki yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, forodha ina neno. Kabla ya kusaini, iandikwe nani atalipa ushuru wa mabaki, na iulizwe pia kama ile bei ya soko ya mkadiria ni ya gari lililolipiwa ushuru au la. Tofauti yake yaweza kuzidi eksesi mara kadhaa.

GARI LA MGENI

Wapo pia wageni wanaokuja na magari yao wenyewe, kutoka Ulaya au Afrika Kusini, wakishuka pwani hadi Mtwara. Bima ya nyumbani kwao kwa kawaida huwa imeishia mbali kabla ya Kilwa. Wanachokuwa nacho ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania bado imo katika mpango wake ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, au bima ndogo waliyoinunua mpakani. Zote mbili ni kwa ajili ya watu wengine. Gari likifa, limekufa na mwenyewe.

Tena halimwachi aondoke kirahisi. Gari hilo liliingia kwa muda, kwa kibali cha forodha au kwa kitabu cha carnet de passages kilichodhaminiwa na chama cha wenye magari cha nchi yake. Ahadi iliyomo ni kwamba gari litatoka. Lisipotoka, ushuru unadaiwa, na chama kitamgeukia yeye na dhamana aliyoweka. Kijana wa Nangurukuru anayempa mgeni milioni mbili taslimu kwa injini na matairi amenunua bidhaa ambayo haijalipiwa ushuru, na mgeni ameuza asichoruhusiwa kuuza. Njia halali ni kupeleka taarifa ya polisi na ya ukaguzi kwa maofisa wa forodha wa TRA kabla kitu hakijafunguliwa, kisha kwa idhini yao gari litolewe nje kama lilivyo, lilipiwe ushuru kwa thamani ya mabaki, au liachwe mikononi mwa forodha au kuharibiwa mbele yao, na carnet ipigwe muhuri. Mgeni akiruka kwenda kwao bila muhuri huo, madai humfuata.

WASIPOKUBALIANA

Ofa ya kwanza ya kampuni si hukumu. Mteja anaruhusiwa kuomba nakala ya ripoti ya mkadiria, kuleta bei za magari yanayofanana kutoka yadi za Dar es Salaam, risiti za hema, kitanda na matengenezo, na hata kumlipa mkadiria wake mwenyewe mwenye leseni. Bei za matangazo matatu ya magari ya mwaka na aina ile ile husogeza ofa kuliko barua ya malalamiko ya kurasa tano.

Hati ya kusaini ili hundi itoke isomwe mstari kwa mstari. Husema kwamba mteja amepokea malipo kamili na ya mwisho, na aliyesaini hana pa kurudi hata akigundua kesho kwamba vifaa vya ndani havikuhesabiwa. Kama kuna sehemu isiyo na ubishi na sehemu yenye ubishi, aombe kwa maandishi alipwe ile ya kwanza bila kuachia ya pili. Baadhi ya kampuni hukubali. Ikumbukwe pia kwamba siku za kampuni kulipa huhesabiwa nyaraka zikishatimia, si tangu gari lilipopinduka, kwa hiyo kila karatasi ipelekwe na orodha yake na irudi na muhuri wa kupokelewa.

Wakishindwana, malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Baada ya hapo ipo TIRA, ambayo kwa mikoa ya Kusini ina ofisi ya kanda Mtwara, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na sheria ya 2009, ambaye husikiliza migogoro ya wateja bila wao kulazimika kwenda mahakamani. Wapo wanaoanzia kwa wakili. Kwa dai la milioni mia kadhaa hilo linaeleweka. Kwa tofauti ya milioni nne ya bei ya soko, wakili na nauli za Dar es Salaam huimaliza tofauti yenyewe.

Kuhusu dalali na wakala: dalali wa bima humwakilisha mteja, wakala huiuzia kampuni. Wakati wa kununua hakuna anayejali. Wakati wa kudai, mwenye dalali mzuri huwa na mtu wa kufuatilia jalada ofisini, na mwenye wakala huwa na namba ya simu.

MSIMU UKIPITA

Hata malipo yakienda vizuri, gari jipya halipo siku ya hundi. Kuagiza Japani, kusubiri meli, kutoa bandarini, kulipa TRA, kisha fundi wa mbao na fundi wa umeme, huchukua miezi. Gari lililokufa wakati wa masika, Aprili au Mei, likilipwa Agosti, limekosa sehemu kubwa ya kiangazi ambacho wageni huja Kilwa, na mshahara wa dereva na marejesho ya benki havikusimama. Wageni waliokwisha lipa watadai kurudishiwa fedha au kupewa gari lingine, nalo hukodishwa kwa bei ya msimu. Hati ya kawaida ya gari hailipi hata senti moja ya mapato hayo. Hukatiwa bima yake peke yake, kwa siku zilizotajwa na kiasi kwa siku, na kampuni zinazoiuza hutaka kuona vitabu vya mahesabu vya mwaka uliopita kabla ya kutaja ada.